Ngozi Zetu na Majira ya Mwaka



Katika ukurasa wetu wa afya mwezi huu tumeona vema tuzungumzie jambo ambalo kila familia inaliona, lakini wachache wanalitilia maanani: jinsi ngozi inavyobadilika pamoja na majira ya mwaka. Mwezi Aprili mama anahangaika na mtoto mchanga mwenye vipele shingoni, na baba ana vidole vya miguu vilivyochubuka na kutoa harufu. Mwezi Julai, katika nyumba ile ile, watoto wamepauka miguu kana kwamba wamepakwa majivu, na bibi analalamika kwamba magaga ya visigino yanamzuia kutembea hadi kanisani. Watu ni wale wale, sabuni ni ile ile na mafuta ni yale yale. Kilichobadilika ni majira, nasi hatukubadilika nayo.

Tunataka kusema mambo mawili. La kwanza: kila majira yana matunzo yake ya ngozi, na matunzo hayo ni ya bei nafuu. La pili, ambalo ni kubwa zaidi: yako magonjwa ya ngozi yasiyofuata majira. Hayo hatuna ruhusa ya kuyangoja mpaka mvua iishe au mpaka jua lipungue. Tukijua kuyatofautisha, tutaokoa fedha, viungo vya mwili, na pengine hata maisha.

NGOZI INA KAZI GANI?

Ngozi ndiyo kiungo kikubwa kuliko vyote katika mwili. Kwa mtu mzima, tungeweza kuitandaza ikafunika eneo la karibu mita mbili za mraba. Inazuia vijidudu visiingie na maji ya mwili yasitoke ovyo. Inaurekebisha mwili kwa jasho wakati wa joto, na inatujulisha kama kitu ni cha moto, cha baridi au chenye ncha kali.

Tabaka lake la juu limejengwa kama ukuta wa matofali. Chembe za ngozi ndizo matofali, na mafuta ya mwili ndiyo udongo unaoyashikamanisha. Ukuta huo hujengwa upya kila baada ya majuma manne hivi. Mafuta yakipungua, ukuta unapata nyufa, maji yanatoka, nasi tunapauka na kuwashwa. Kwa upande mwingine, ukuta ukilowa muda mrefu unalainika kama karatasi iliyodumbukizwa majini, na vijidudu vinapata mlango. Basi matatizo mengi ya ngozi hapa kwetu yanatokana na moja kati ya hayo mawili: kukauka kupita kiasi au kulowa kupita kiasi.

MAJIRA YETU NI YA MAJI

Mashauri mengi tunayoyasoma kwenye makopo ya vipodozi yametungwa kwa ajili ya watu wa Ulaya, wenye miezi ya theluji na miezi ya joto. Sisi hatuko hivyo. Bukoba iko karibu sana na Ikweta, na joto la mchana halipishani sana kati ya Januari na Julai. Aghalabu ni nyuzi 26 hivi. Kinachobadilika kwetu ni mvua, unyevu wa hewa, vumbi na upepo.

Mji wa Bukoba na mwambao wake hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, nao ni kati ya sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote nchini Tanzania. Masika huanza Machi na kuishia Mei. Vuli huanza Septemba au Oktoba na kuishia Desemba. Katikati tunapata kiangazi kirefu cha Juni hadi Agosti, ambacho kwa Kihaya tunakiita ekyanda, na kiangazi kifupi cha Januari na Februari.

Lakini hali si moja kila mahali. Anayekaa Bilele au Kemondo, jirani na ziwa, ana unyevu karibu mwaka mzima. Anayekaa magharibi ya Muleba, au kuelekea Karagwe, hupata mvua pungufu na vumbi zaidi. Aliye juu Kamachumu anapata baridi ya usiku. Kwa hiyo usitazame kalenda tu. Tazama na anga la kwenu, na ngozi yako mwenyewe.

WAKATI WA MVUA: KAUSHA NGOZI

Katika masika na vuli adui yetu ni unyevu unaokaa mwilini. Fangasi hupenda mahali penye joto, giza na majimaji. Haya ndiyo ya kuangalia:

1. Miguu. Anayevaa mabuti ya mpira shambani kutwa nzima, au mwanafunzi mwenye viatu vilivyolowa, yuko hatarini kupata fangasi kati ya vidole. Ukifika nyumbani vua viatu, osha miguu, kisha kausha kati ya kila kidole kwa kitambaa kikavu. Usipake mafuta kati ya vidole. Vaa kandambili ili miguu ipate hewa, na uviache viatu vikauke kabla ya kuvivaa tena. Ukiwa na jozi mbili, zivae kwa zamu.

2. Mikunjo ya mwili. Kwapani, chini ya matiti, kinenani na kwa watu wanene kwenye mikunjo ya tumbo, ngozi husuguana ikiwa na jasho na kuchubuka. Osha, kausha kwa kugusagusa pasipo kusugua, na vaa nguo za pamba zisizobana.

3. Watoto wachanga. Wakina mama wengi humpaka mtoto mafuta mazito ya mgando mwili mzima na kumfunika blanketi mbili, hata siku ambayo hewa ni nzito na mtoto anatoka jasho. Matundu ya jasho huziba, naye akapata harara, yaani vipele vidogo vya joto shingoni, mgongoni na kifuani. Wakati wa mvua mpake mafuta kidogo tu, mpunguzie nguo, na umkaushe vizuri chini ya kidevu. Nepi isiyokauka sawasawa isivalishwe. Ni afadhali kuiweka karibu na jiko mpaka ikauke kabisa.

4. Choa na mapunye. Choa ni duara lenye kingo zilizoinuka na kuwasha. Mapunye ni choa cha kichwani, nacho huacha mabaka yasiyo na nywele. Choa cha mwilini hutibiwa kwa mafuta ya Whitfield au krimu ya klotrimazoli, ambayo hupakwa kila siku na kuendelea kwa muda hata baada ya alama kutoweka. Mapunye hayaponi kwa dawa ya kupaka peke yake. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza kutoka kwa mganga wa zahanati. Mashine ya kunyolea inayopita vichwa vingi bila kusafishwa huyasambaza kwa watoto wa mtaa mzima.

5. Upele. Huu huletwa na kijidudu kidogo kinachochimba ndani ya ngozi. Huwasha zaidi usiku, na huonekana kati ya vidole vya mikono, viganjani, kiunoni na sehemu za siri. Wakati wa mvua tunalala tumebanana, na katika mabweni wanafunzi wanashirikiana mashuka, hivyo upele huenea upesi. Kosa letu kubwa ni kumtibu yule anayejikuna peke yake. Watu wote wa nyumba moja wanapaswa kupaka dawa siku moja, hata wasiowashwa. Dawa inayojulikana sana ni benzili benzoeti, maarufu kama BBE. Kwa mtoto mdogo muulize mhudumu wa afya kiasi cha kuizimua. Nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Yasiyofulika yafungwe ndani ya mfuko siku tatu au zaidi. Mwasho unaweza kubaki hata majuma mawili hadi manne baada ya kupona, kwa hiyo usirudie dawa ovyo ukaiunguza ngozi.

6. Nguo zisizokauka. Katika Afrika ya Mashariki yuko nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini au kutandazwa chini kwenye nyasi. Funza wake huingia katika ngozi ya anayevaa nguo hiyo na kuleta uvimbe kama jipu lenye kitundu katikati. Anika nguo kwenye kamba, mahali penye jua, na uzipige pasi pande zote, hasa nepi, mashuka na nguo za ndani. Pasi ya mkaa inatosha kabisa kuyaua mayai. Uvimbe ukitokea, usiubinye kwa nguvu. Funika kitundu kwa mafuta ya mgando ili funza akose hewa na kusogea juu, kisha mhudumu wa afya amtoe.

7. Msimu wa senene. Mwezi Novemba na Desemba, na tena wakati wa masika, vijana wetu hukesha chini ya taa kali wakitega senene. Taa hizo huvuta pia kidudu chembamba chenye rangi nyekundu na nyeusi, ambacho wengi wanakiita Nairobi flai. Hakiumi wala hakichomi. Ubaya wake uko ndani ya mwili wake: ukikiponda juu ya ngozi, sumu humwagika, na baada ya siku moja au mbili ngozi huungua na kufanya malengelenge, mara nyingi kwa mstari kama aliyechapwa fimbo. Kikikutua, kipulize au kipukute kwa karatasi. Kama umekwisha kukiponda, osha mahali hapo mara moja kwa sabuni na maji mengi, na usijiguse machoni. Mtega senene avae mikono mirefu na kufunga kola.

WAKATI WA KIANGAZI: TUNZA MAFUTA YA NGOZI

Ikifika Juni mambo yanageuka. Upepo unavuma, barabara zinatoa vumbi, na ndio wakati wa kuvuna na kuanika kahawa. Usiku wa baridi tunaota moto na kuoga maji ya moto sana. Yote hayo yanaondoa mafuta ya ngozi.

Jambo la kwanza la kurekebisha ni sabuni. Watu wengi tunaogea sabuni ya mche, ile ya kufulia. Sabuni hiyo ni kali. Huondoa uchafu pamoja na mafuta ya mwili. Hatusemi uiache kama ndiyo uliyo nayo. Tunasema kwamba wakati wa kiangazi itumie mahali panapohitaji: usoni kidogo, kwapani, sehemu za siri na miguuni. Mikono, mapaja na mgongo vinatoshwa na maji, isipokuwa kama umefanya kazi ya uchafu. Maji yawe vuguvugu. Dodoki na jiwe la kusugulia vitumike kwa upole.

Jambo la pili ni saa ya kupaka mafuta. Wengi hujifuta mpaka wakakauka kabisa, wakavaa, ndipo wakakumbuka mafuta. Hiyo ni kuchelewa. Jifute kidogo, ukiwa bado na unyevunyevu, upake mafuta ndani ya dakika tatu hivi. Mafuta hayaongezi maji kwenye ngozi. Kazi yake ni kuyafungia yaliyomo yasitoke. Ukipaka juu ya ngozi iliyokwisha kukauka, unafungia ukavu.

Je, mafuta gani? Bibi zetu walipaka samli ya ng'ombe, wala hawakukosea. Siku hizi mafuta ya mgando yasiyo na manukato ndiyo rahisi kuyapata na yanafaa sana. Mafuta ya nazi na ya alizeti yanafaa pia. Glisirini ichanganywe na maji kidogo, kisha juu yake upake mafuta mengine. Kopo la bei kubwa lenye harufu nzuri si lazima liwe bora, kwani manukato ndiyo mara nyingi yanayowasha ngozi ya mtoto.

Magaga ya visigino yanahitaji uvumilivu. Jioni loweka miguu katika maji vuguvugu kwa dakika kumi na tano, sugua taratibu kwa jiwe, paka mafuta ya mgando kwa wingi, kisha vaa soksi ulale nazo. Ukifanya hivyo kila siku kwa majuma mawili utaona tofauti. Mwenye kisukari asijisugue kwa jiwe wala kujikata kwa wembe, maana anaweza kujijeruhi pasipo kusikia, na kidonda chake kikachelewa kupona.

Mtoto mwenye ukurutu, ambao wengine wanauita pumu ya ngozi, huteseka zaidi wakati huu. Mpake mafuta mara mbili au tatu kwa siku, mkate kucha, na usimvalishe sufu moja kwa moja juu ya ngozi. Akianza kutoa majimaji au usaha, mpeleke zahanati.

Kiangazi ndio pia wakati wa funza wa miguuni, yule anayependa vumbi la sakafu na la uwanja wa nyumba. Mdudu huyu si wa asili yetu. Aliletwa Angola na meli kutoka Brazili mwaka 1872, na kabla ya karne ile kwisha alikuwa amekwisha kuenea hadi Afrika ya Mashariki. Watoto na wazee wasio na viatu ndio wanaoumia zaidi. Nyunyiza maji sakafuni kabla ya kufagia, mvalishe mtoto viatu, na umkague vidole kila jioni. Funza asitolewe kwa pini au mwiba unaopita kutoka mguu wa huyu hadi wa yule. Kwa njia hiyo watu hupata pepopunda na maambukizo mengine. Katika jumuiya ndogo ndogo zetu, kama yuko mzee anayeishi peke yake, kumkagua miguu na kumfagilia nyumba ni tendo la huruma lililo wazi kabisa.

JUA NI LA MWAKA MZIMA

Wako wanaodhani kwamba jua huunguza wakati wa kiangazi tu. Hapa karibu na Ikweta miali ya jua ni mikali miezi yote. Mawingu mepesi huweza kupitisha hata asilimia 80 ya miali inayodhuru. Tena sisi tuko mita 1,100 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na kwa kila mita 1,000 za kupanda, miali hiyo huongezeka kwa asilimia kama 10. Mvuvi wa Bumbire au Ikuza hupigwa na jua mara mbili: kutoka juu na kutoka majini.

Ngozi nyeusi ni zawadi ya Muumba. Rangi yake ni mwavuli. Lakini mwavuli huo hauzuii kila kitu. Midomo na macho havina kinga ya kutosha. Njia rahisi ya kujua ni kutazama kivuli chako: kikiwa kifupi kuliko wewe, jua ni kali. Kwa kawaida ni kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri. Wakati huo kofia pana, kanga ya kichwani na mikono mirefu ni dawa isiyonunuliwa.

Kwa ndugu zetu wenye ualbino hili ni suala la uhai. Ngozi yao haina mwavuli huo, na saratani ya ngozi inaweza kuwapata wakiwa bado vijana. Mtoto mwenye ualbino avae kofia pana na mikono mirefu tangu utotoni, masika na kiangazi. Akae darasani mbali na dirisha lenye jua, asiadhibiwe kwa kusimamishwa uwanjani, na apake losheni ya kuzuia jua yenye nguvu ya 30 au zaidi, akirudia kila baada ya saa mbili anapokuwa nje. Huko Moshi, katika hospitali ya KCMC, kipo kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992, ambacho kimetengeneza losheni kwa ajili yao iitwayo Kilisun. Ulizeni katika hospitali iliyo karibu jinsi ya kuipata. Kila mwezi mzazi amkague mwili mzima, na kidonda chochote kisichopona kionwe na daktari mapema.

Mwaka 2024 mkoa wetu uliomboleza mtoto mwenye ualbino aliyeuawa wilayani Muleba. Tusisahau. Watoto hawa wanahitaji kivuli cha aina mbili: kivuli cha kuwakinga na jua, na kivuli cha jirani anayewalinda kama wanawe.

MKOROGO HAUNA MAJIRA MEMA

Tungekuwa tunaficha ukweli kama tusingetaja mkorogo. Bado mabinti, wakina mama, na hata vijana wa kiume wanajichubua kwa krimu na sabuni zenye zebaki, haidrokwinoni au dawa kali za steroidi. Nchi yetu imekataza vipodozi vyenye sumu hizo, na tangu mwaka 2019 Shirika la Viwango Tanzania, TBS, ndilo linalosimamia vipodozi. Lakini vinaendelea kuuzwa kwa siri.

Ngozi iliyochubuliwa haiwezi kukabili majira yoyote. Kiangazi huungua na kutoa mabaka meusi, kwa kuwa mwavuli wake umeondolewa. Masika hujaa fangasi na majipu, kwa kuwa ukuta wake umekuwa mwembamba. Zebaki huingia katika damu na kuharibu figo, nayo humfikia mtoto aliye tumboni. Ngozi iliyokonda kwa steroidi hushonwa kwa shida na kupona kwa shida.

Iko pia hatari ambayo wengi hawaijui. Mtu ana choa, anakwenda duka la dawa, anapewa tyubu yenye steroidi ndani yake. Juma la kwanza mwasho unatulia, naye anashukuru. Baadaye choa kinarudi kikiwa kipana zaidi, na hakifanani tena na choa, hata daktari anapata shida kukitambua. Usipake krimu usiyojua ndani yake mna nini.

Kwa wale waliokwisha kuanza hatuna neno la kuwahukumu. Zebaki acheni leo. Lakini aliyetumia krimu za steroidi muda mrefu asione haya kumwendea daktari, maana ngozi yaweza kuwaka na kuwasha anapoacha, na wengi hurudia kwa sababu hiyo. Daktari ataonyesha njia ya kuacha pasipo kuumia.

UGONJWA USIOFUATA MAJIRA

Sasa tumefika kwenye neno letu la pili. Kama tatizo la ngozi limeanza na mvua, nawe umekausha, umebadili nguo, umetumia dawa inayofaa, litapungua. Kama limeanza na kiangazi, nawe umepaka mafuta sawasawa, litapungua. Lakini likivuka majira pasipo kujali mvua wala jua, hilo si la hali ya hewa. Nenda hospitali ukiona mojawapo ya haya:

1. Baka lililopauka au jekundu lenye ganzi. Mwambie mgonjwa afumbe macho, uliguse kwa ncha ya pamba. Asiposikia, yawezekana ni ukoma. Usiogope neno hilo. Ukoma unapona kwa dawa za miezi 6 au 12, na tangu mwaka 1995 Shirika la Afya Duniani limekuwa likiziwezesha nchi kuzitoa bure. Mgonjwa akianza dawa, upesi haambukizi tena. Anayechelewa ndiye anayepoteza vidole na macho.

2. Kidonda kisichopona kwa mwezi mmoja, au kinachovuja damu kwa kuguswa kidogo.

3. Doa jeusi linalokua chini ya wayo, kiganjani au chini ya ukucha, na uvimbe wa rangi ya zambarau, hasa miguuni. Hizi zaweza kuwa dalili za saratani.

4. Vipele vinavyotokea baada ya kuanza dawa mpya, pamoja na vidonda mdomoni, macho mekundu au ngozi kubambuka. Hapa usingoje hata kesho. Chukua dawa zako uende nazo hospitali mara moja.

5. Mkanda wa jeshi, yaani malengelenge yenye maumivu makali upande mmoja wa mwili. Ukiwahi ndani ya siku tatu za mwanzo, dawa inasaidia zaidi. Ukiwa karibu na jicho, ni dharura.

Hapa tunapenda kusema neno kwa familia za Kagera hasa. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi waliotambuliwa nchini Tanzania walikuwa wa mkoa wetu, mwaka 1983. Miaka ile ya msiba tulijifunza kusoma ngozi za wenzetu kwa hofu. Mtu akiwa na vipele, watu walinong'ona, naye alijificha ndani. Mazoea hayo hayajatuacha kabisa. Mpaka leo yuko anayevaa mikono mirefu kuficha upele wa kawaida, na yuko anayeficha ukoma mpaka vidole vinapinda, kwa kuogopa macho ya majirani. Tujue basi kwamba vipele havipimi Ukimwi. Damu ndiyo hupimwa. Na aliyepimwa akakutwa na virusi, dawa za kumwezesha kuishi miaka mingi na kulea watoto wake zipo. Tunapomtazama mwenzetu ngozi na kumhukumu, tunamfungia mlango wa hospitali.

KWA UFUPI

Wakati wa mvua: kausha vidole na mikunjo, punguza mafuta mazito, piga nguo pasi, tibu upele nyumba nzima kwa siku moja, usiponde kidudu juu ya ngozi.

Wakati wa kiangazi: punguza sabuni, oga maji vuguvugu, paka mafuta kabla ngozi haijakauka, vaa viatu, kagua miguu ya watoto na wazee.

Mwaka mzima: kofia na kivuli saa za jua kali, hakuna mkorogo, na tatizo linalovuka majira lipelekwe zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Wasomaji wa Muleba wanazo hospitali zetu za Rubya na Kagondo, na wa mjini wanayo Hospitali ya Mkoa.

Tunawaomba viongozi wa jumuiya, na akina mama wa WAWATA, wausome ukurasa huu kwa sauti kwa wale wasiojua kusoma. Mtume Paulo aliwakumbusha Wakorintho kwamba mwili ni hekalu. Basi na ukuta wa nje wa hekalu hilo tuutunze, wa kwetu na wa jirani.